Kuikodisha Nyumba kwa Kampuni Iwekayo Watu Dhaifu

Somo letu la mara hii lahusu biashara moja ambayo kwa nje yaonekana nyepesi na salama, na kwa ndani ina mizigo mizito. Ni biashara ya mwenye nyumba kuikodisha nyumba yake, si kwa mtu atakayeishi ndani yake, bali kwa kampuni au chama kitakachowaweka humo watu wengine: watu waliokuwa wakilala barabarani, waliofunguliwa gerezani, wanawake waliokimbia mapigo ya waume zao, wagonjwa wa akili, na vijana waliolelewa na serikali wasiokuwa na wazee wa kuwashika mkono.

Tumechagua kulieleza jambo hili kwa mfano wa Uingereza, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa huko biashara hii imeenea sana, faida yake na madhara yake yamechunguzwa na Bunge, na sheria zake zimeandikwa. Ya pili ni kuwa wako ndugu zetu wa pwani waliohamia London, Leicester, Birmingham na kwengineko, na baadhi yao wana nyumba za kukodisha. Watu hao hujiwa na madalali wakiahidiwa kodi ya uhakika kwa miaka mitatu au mitano. Sheria tutakazozitaja ni za England. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Neno tulitakalo likae moyoni mwa msomaji ni hili: mwenye nyumba akiikodisha kwa kampuni, hukodisha manfaa ya nyumba, jukumu lake hawezi kulikodisha. Basi swali lake la kwanza lisiwe, "Nitapata ngapi kwa mwezi?" Bali liwe, "Ni nani atakayewaangalia watu hawa, na kwa pesa zipi?" Mwenye kuuliza swali hilo na akapata jibu la kweli, aghlabu mengine yote humnyokea. Na mwenye kuliacha, huenda akapata kodi ya mwaka mmoja na majuto ya miaka kumi.

JINSI BIASHARA HII IENDAVYO

Katika mpango huu wako watu wanne. Wa kwanza ni mwenye nyumba. Wa pili ni kampuni au chama kinachoikodi nyumba. Wa tatu ni mkaaji, yaani yule mtu dhaifu anayepewa chumba. Wa nne ni baraza la mji, ambalo humlipia mkaaji kodi yake kutoka katika mfuko wa serikali wa kuwasaidia maskini. Mara nyingi huingia mtu wa tano, naye ni dalali au wakala anayeisimamia nyumba kwa niaba ya chama.

Mwenye nyumba huambiwa hivi: "Sisi tutakulipa kila mwezi, vyumba vikiwa na watu au vikiwa vitupu. Hutalipa ada ya wakala. Matengenezo madogo ni juu yetu. Muda ukiisha tutakurudishia nyumba yako kama tulivyoipokea." Maneno haya ni matamu kwa mtu aliyechoka kufukuzana na wapangaji wasiolipa. Wala si lazima yawe ya uongo. Viko vyama vya kweli vinavyofanya kazi hii kwa uaminifu, na maelfu ya watu wamesimama tena kwa miguu yao kwa sababu yake. Lakini ahadi haiwi kweli kwa utamu wake. Yapasa ijulikane pesa zatoka wapi na zaenda wapi.

CHANZO CHAKE

Mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilibana kiasi cha kodi ambacho ingewalipia maskini katika nyumba za watu binafsi. Lakini iliona ya kuwa makao ya watu wanaohitaji uangalizi hugharimu zaidi, ikayasamehe na mpaka huo. Ndiyo maana hata leo huitwa makao yaliyosamehewa. Ili makao yahesabiwe kuwa hayo, anayeyatoa hutakiwa awe chama kisichotafuta faida, au jumuiya ya hisani, au baraza la mkoa la namna fulani. Na wakaaji wapate uangalizi au msaada usiokuwa wa kiasi kidogo tu.

Mwaka 2003 serikali ilianzisha mfuko wa kulipia kazi yenyewe ya kuwaangalia watu hao. Kisha mwaka 2009 ikaliondoa sharti la kuwa pesa hizo zisitumiwe ila kwa kazi hiyo. Mabaraza ya miji yakawa huru kuzipeleka kwengine, na katika miaka ya dhiki iliyofuata, pesa za uangalizi zikapungua katika miji mingi. Kodi kubwa ikabaki, uangalizi ukapunguka. Hapo ndipo ulipofunguka mlango wa wenye tamaa.

Ilipofika Mei 2021, nyumba zaidi ya 150,000 za watu, ikiwa ni mtu peke yake au na jamaa zake, zilikuwa katika makao ya namna hii katika Uingereza nzima. Mji wa Birmingham peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 20,000. Oktoba 2022 kamati ya Bunge inayohusika na nyumba ilitoa ripoti yake. Ilieleza kuwa wako watoaji wema, lakini wako pia wanaokusanya kodi kubwa na kutoa msaada wa jina tu. Ilieleza habari za wanawake waliokimbia mateso wakawekwa mahali pasipokuwa na amani kwao, na za watu wanaojaribu kuacha dawa za kulevya wakawekwa pamoja na wanaozitumia. Majirani nao walilalamika kwa takataka, fujo na hofu.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Katika kila nyumba ya hizo alikuwako mwenye nyumba. Yeye hakumpiga mtu wala hakuiba. Aliweka saini yake tu, akapokea kodi yake. Lakini mlango uliofungwa juu ya yule mtu dhaifu ulikuwa ni mlango wake.

HESABU YA PESA

Tuseme, kwa mfano tu, kuwa nyumba ina vyumba vitano. Kampuni yampa mwenye nyumba paundi 1,200 kwa mwezi. Kisha kampuni yalidai baraza la mji paundi 200 kwa wiki kwa kila mkaaji. Watu watano ni paundi 1,000 kwa wiki, na kwa mwezi ni kama paundi 4,300. Ukiondoa kodi ya mwenye nyumba, zabaki kama paundi 3,100.

Kubaki kwa pesa hizo si dhambi. Humo hutoka gharama ya umeme, gesi na maji, kodi ya baraza, vyombo, usafi, ulinzi na matengenezo, na siku ambazo chumba hakina mtu. Lakini lipo jambo ambalo wengi hawalijui: msaada wa kodi wa serikali huilipa kodi na huduma za nyumba, kazi ya kumwangalia mtu haulipii. Yule mfanyakazi atakayekaa na mgonjwa, atakayempeleka hospitali, atakayemfundisha kijana kuweka pesa zake na kutafuta kazi, mshahara wake hauna haki kutoka katika fungu hilo. Lazima utoke kwengine: katika mkataba na baraza, au katika sadaka za watu, au katika mali ya chama chenyewe.

Basi mwenye nyumba akiambiwa, "Tuna wafanyakazi wa kuwaangalia watu," na aulize: "Ni wangapi? Huja nyumbani siku ngapi kwa wiki? Mshahara wao hulipwa na nani?" Chama cha kweli hujibu maswali haya kwa dakika tano na huonyesha hesabu zake za mwaka. Chama ambacho kazi yake yote ni kukusanya kodi, hukasirika au hubadilisha mazungumzo.

IJARA KATIKA SHARIA YETU

Wanafunzi wa darasa letu walisoma mlango wa ijara, na yafaa tukumbushane mambo manne yanayogusa somo hili.

La kwanza, ijara ni kuuza manfaa kwa ujira. Manfaa yajulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane. Mkataba usemao kuwa kodi italipwa "ikiwa baraza litatulipa" umeuacha ujira katika giza. Huo si uhakika walioutangaza.

La pili, mkodi huruhusiwa kumweka mtu mwengine mahali pake, maadamu matumizi ya huyo mwengine ni kama yake au ni mepesi zaidi. Mafakihi wa Kishafi hutoa mfano wa mtu aliyekodi nyumba ya kukaa: hana ruhusa kumweka ndani yake mhunzi, kwa sababu nyundo na moto wa mhunzi huidhuru nyumba kuliko ukaaji wa kawaida. Hapa pana mafunzo makubwa. Nyumba ya ukoo mmoja wa watu watano si sawa na nyumba ya watu watano wasiojuana, kila mmoja na mlango wake, jiko lake na dhiki yake. Basi yapasa mkataba utaje wazi: ni watu wangapi, wa hali gani, na chini ya uangalizi gani.

La tatu, mkodi ni mwaminifu juu ya kitu alichokikodi. Halipi kilichoharibika kwa matumizi ya kawaida. Hulipa alichokiharibu kwa kuvuka mpaka au kwa uzembe. Lakini mahakama ya Kiingereza itatazama karatasi kwanza. Kwa hiyo andika. Hukumu ya kuandikiana na kuweka mashahidi imo katika aya ndefu kuliko zote za Qurani, nayo ni aya ya deni katika Sura ya al-Baqara. Mtu asione haya kumwandikisha rafiki yake.

La nne ni muda. Wanavyuoni wa Kihanafi waliokuja nyuma walitoa fatwa ya kuwa nyumba ya wakfu isikodishwe zaidi ya mwaka mmoja, wala shamba zaidi ya miaka mitatu, ila kwa maslaha, kwa kuchelea aliyekaa muda mrefu asije akageuka mwenyewe. Sisi hatusemi kuwa nyumba ya mtu binafsi ina hukumu hiyo. Twasema hekima yake ni ya kushikwa: kadiri muda uzidivyo, ndivyo mkono wa mwenyewe ulegeavyo.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA KABLA YA SAINI

1. Kampuni ni ya nani. Mtazame anayeweka saini. Je, ni chama chenyewe kitakachowaangalia watu, au ni dalali aliyesimama katikati? Kila kampuni ya Uingereza imeandikwa katika daftari la serikali linalosomwa na kila mtu bila ya malipo, na jumuiya za hisani za England zina daftari lao. Humo utaona ilianzishwa lini, wakuu wake ni nani, na hesabu zake zasemaje. Kampuni iliyozaliwa miezi sita iliyopita haiwezi kuidhamini kodi ya miaka mitano, kwa kuwa dhamana ni mali, na hiyo haina. Kisha uliza katika baraza la mji kama wanaijua, na uwaulize wenye nyumba wengine wawili au watatu walioikodisha.

2. Mkataba ni wa namna gani. Katika sheria ya nyumba ya 1988, mpangaji anayelindwa kwa upangaji wa kawaida hutakiwa awe mtu, si kampuni. Basi mkataba wako na kampuni ni wa aina nyingine, na karatasi za kawaida za kupangisha hazifai. Muulize wakili kama mkataba huo waingia chini ya sheria ya upangaji wa biashara ya 1954, ambayo yaweza kumpa mkodi haki ya kutaka aongezewe muda. Pande mbili huweza kuiweka kando haki hiyo kwa kufuata utaratibu uliowekwa, lakini hufanywa kabla ya kufungamana, si baada yake.

3. Leseni na usalama. Nyumba yenye watu watano au zaidi wa jamaa mbali mbali wanaoshirikiana jiko au choo hutakiwa leseni ya baraza, na tangu 1 Oktoba 2018 sharti hilo halitazami tena nyumba ina ghorofa ngapi. Baadhi ya nyumba zinazosimamiwa na vyama vya nyumba vilivyosajiliwa na serikali husamehewa leseni hiyo. Usitosheke kuambiwa, "Sisi tumesamehewa." Liandikie baraza upate jibu lililoandikwa. Ama mitambo ya gesi, kanuni za 1998 zamwajibisha mwenye kupangisha kwa muda usiofika miaka saba ahakikishe inakaguliwa kila mwaka. Na sehemu wanazoshirikiana wakaaji, kama ngazi na ukumbi, zina sheria ya moto ya 2005: lazima awepo mtu aliyepima khatari na kuiondoa. Uliza jina la mtu huyo. Moto hauulizi mkataba umeandikwa na nani.

4. Bima, na mwenye kukudai. Bima ya nyumba hufuata hali ya wakaaji. Aliyeandika kuwa nyumba ina ukoo mmoja, kisha akaweka watu watano walio chini ya uangalizi bila ya kuieleza kampuni ya bima, huenda siku ya msiba akakuta alikuwa akilipa bure. Na aliyenunua nyumba kwa mkopo asiweke saini mpaka aliyemkopesha apate kumpa idhini kwa maandishi, maana mikopo mingi hukataza kukodisha kwa kampuni.

5. Hali ya nyumba. Siku ya kukabidhi, piteni chumba kwa chumba pamoja, mpige picha, mwandike kila kitu, mweke saini nyote wawili. Katika mkataba taja matengenezo ya nani ni yapi: paa, kuta na mabomba makubwa, milango, rangi na vyombo. Jiwekee haki ya kuikagua nyumba kila baada ya miezi mitatu kwa kutoa habari mapema. Lakini ingia kwa adabu. Kile ni chumba cha mtu, na ana siri yake na heshima yake, hata kama hana kitu kingine.

6. Siku ya mwisho. Hili ndilo lisahauliwalo kuliko yote. Muda wa kampuni ukiisha, au kampuni ikifilisika, wakaaji watakwenda wapi? Kampuni yaweza kusema kuwa wakaaji wake wana ruhusa ya kukaa tu, si wapangaji. Lakini tangu hukumu ya mahakama kuu ya rufaa ya Uingereza ya mwaka 1985 katika kesi ya Street na Mountford, imethibiti ya kuwa mtu aliyepewa mahali pake peke yake, kwa muda na kwa kodi, ni mpangaji, karatasi ikimwita jina lolote. Na sheria ya 1988 yasema kuwa mpangaji aliyewekwa kwa halali na mkodi wa kati, aghlabu hubaki hata mkataba wa juu ukivunjika, na mwenye nyumba huwa ndiye mpangishaji wake. Tena kwa sheria iliyopitishwa 2025, kuanzia 1 Mei 2026 mwenye nyumba binafsi hana njia ya kumtoa mpangaji wa namna hiyo bila ya kutaja sababu inayokubaliwa na sheria. Na kubadilisha kufuli au kumtoa mtu kwa nguvu ni kosa la jinai kwa sheria ya 1977.

Basi andika katika mkataba kuwa kampuni itawatafutia wakaaji makao mengine kabla ya kurudisha funguo. Kuwa itakupa habari miezi kadhaa mapema ikitaka kutoka. Na kuwa ikishindwa, baraza la mji lijulishwe mara moja. Sharti hili lakulinda wewe. Na kabla ya kukulinda wewe, lamlinda yule asiyekuwa na pa kwenda.

MFANO WA KUZINGATIWA

Msomaji aweza kusema: "Haya ni makosa ya wenye nyumba wadogo wasio na mawakili." Basi na auzingatie mfano wa kampuni ya uwekezaji iitwayo Home REIT. Iliingia katika soko la hisa la London Oktoba 2020. Kazi yake ilikuwa kununua nyumba kwa mamia ya milioni ya paundi kutoka kwa wenye hisa, na kuzikodisha kwa jumuiya za hisani na kampuni za kijamii zinazowaweka watu wasio na makao. Mikataba yake ilikuwa ya miaka zaidi ya ishirini, na kodi ilifungwa ipande pamoja na bei za vitu.

Kwenye karatasi hapakuwa na mpango mzuri kuliko huo: wasio na makao wapata nyumba, wenye mali wapata faida. Lakini mwishoni mwa 2022 yalitoka mashaka ya wazi juu ya uwezo wa wapangaji wake. Januari 2023 biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Ikadhihirika kuwa wengi wa wapangaji wake hawalipi kodi, wengine wakafilisika, na nyumba nyingi zilikuwa katika hali mbaya. Mwaka 2024 wenye hisa wakakubali kampuni iuze mali yake na kufungwa.

Mapema, mwaka 2019, msimamizi wa serikali wa nyumba za umma alikwisha kuonya juu ya mikataba ya namna hii: chama kisicho na mali hubeba kodi ndefu ipandayo kila mwaka, na pesa zake zategemea wakaaji wawepo na serikali ilipe. Upande mmoja umechukua faida yote, upande wa pili umebebeshwa khatari yote. Mzani wa namna hiyo hausimami. Ukianguka, humwangukia kwanza aliye chini kabisa, yaani mkaaji. Kisha huwafikia wote.

Funzo lake kwa mwenye nyumba mmoja ni hili: kodi kubwa ipitayo kiasi si bahati, ni onyo. Mpangaji asiyeweza kulipa alichoahidi hajakuahidi kitu.

HOJA MBILI NA MAJIBU YAKE

Wako wasemao: "Mimi nimekodisha tu. Yanayotendeka ndani ni juu ya kampuni." Twawajibu: Ni kweli kuwa kosa la kampuni ni la kampuni, wala hachukuliwi mtu kwa dhambi ya mwengine. Lakini kujua na kunyamaza ni tendo lako. Ukiona taa ya ngazi haiwaki, mlango wa nje hauna kufuli, na mgonjwa hajaonana na mtu wiki tatu, nawe waendelea kuipokea kodi, basi umekwisha kuwa sehemu ya jambo lenyewe.

Na wako wasemao kinyume chake: "Basi afadhali tuwakatalie kabisa, tusiingie katika mashaka." Hawa nao tunawajibu. Watu hawa lazima walale mahali. Wenye nyumba waaminifu wakijitenga, nyumba zitakazobaki ni za wasiojali. Mwanamke aliyetoka usiku na watoto wake, kijana aliyefikia miaka kumi na minane asiye na mlango wa kubisha, mzee aliyetoka hospitali asiye na jamaa: hao wanahitaji nyumba njema kuliko mtu yeyote. Kuwakodishia kwa masharti mazuri na kodi ya haki ni biashara ya halali na ni wema kwa pamoja. Tunalolikataza ni uvivu wa kutouliza.

Bunge la Uingereza nalo halikuchagua kuyafunga makao haya. Juni 2023 lilipitisha sheria ya kuyasimamia, iliyoletwa na mbunge Bob Blackman. Sheria hiyo imeiwezesha serikali kuweka vipimo vya uangalizi na kanuni za leseni, na imeyawajibisha mabaraza kupima mahitaji ya miji yao. Sheria yenyewe yahitaji kanuni za kuitekeleza. Basi mwenye nyumba aliulize baraza lake ni zipi zinazomhusu siku atakayoweka saini.

NA HAPA KWETU

Asidhani msomaji wa Mombasa, Malindi au Nairobi kuwa haya ni mambo ya ng'ambo tu. Hapa petu nyumba hukodishwa kwa makao ya mayatima, kwa vyama vinavyowasaidia wakimbizi, na kwa wanaowatibu vijana walioharibiwa na dawa za kulevya. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 yazitaka taasisi za hisani za watoto ziwe na idhini, na yafanya kumweka mtoto katika taasisi kuwa ni jambo la mwisho, baada ya kushindikana kwa jamaa na malezi ya nyumbani. Basi mwenye nyumba anayejiwa na watu wa makao ya watoto na aombe kwanza kuiona idhini yao. Kadhalika mutawalli wa wakfu: nyumba si yake, naye ataulizwa mara mbili, kwa mali ya wakfu na kwa watu waliowekwa ndani yake.

MUHTASARI NA MASWALI YA DARASA

Mjue unayemkodisha. Jua uangalizi walipwa na nani. Andika idadi ya watu, matengenezo, ukaguzi na siku ya mwisho. Usifiche kitu kwa bima wala kwa aliyekukopesha. Usikubali muda mrefu kwa kampuni changa. Na baada ya saini, usiisahau nyumba yako.

Kwa mazungumzo ya darasa lijalo, kila mwanafunzi na ajitayarishe kujibu haya:

1. Kwa nini kodi ya uhakika kutoka kwa kampuni isiyo na mali haihesabiwi kuwa dhamana?

2. Mfano wa mhunzi wa mafakihi watufundisha nini juu ya idadi na hali ya wakaaji?

3. Kampuni ikifilisika leo, na watu watano wamo ndani ya nyumba yako, utafanya nini kesho asubuhi, na ni lipi ambalo ni haramu kulifanya?

4. Mtaani mwenu iko nyumba iliyokodishwa kwa kazi ya namna hii? Nani anayeiangalia, na majirani wamewahi kuwauliza wakaaji wake hali zao?

Swali hili la nne halijibiwi kwa kitabu. Hujibiwa kwa kwenda na kubisha hodi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.